Muddy Waters na Mashine ya Kunasa Sauti

Mnamo Desemba 2015 wazee wa bendi ya Rolling Stones waliingia katika studio ya British Grove, London, kutengeneza albamu ya nyimbo mpya. Ili waizoee studio, walipiga kwanza wimbo mmoja wa zamani wa bluzi. Wakapiga wa pili. Baada ya siku tatu walikuwa na albamu nzima ambayo hawakuipanga. Ilitoka Desemba 2016 kwa jina la Blue & Lonesome: nyimbo 12, na hakuna hata mmoja waliotunga wao. Ni nyimbo za watu weusi wa Chicago na wa Kusini mwa Marekani, zile walizozisikiliza walipokuwa vijana wasio na kitu. Ukipitia orodha utamkuta Howlin' Wolf, utamkuta Jimmy Reed, Magic Sam, Otis Rush, na Little Walter ambaye nyimbo nne kati ya hizo 12 aliwahi kuzirekodi yeye. Jina moja halimo. Ni la Muddy Waters, ambaye wimbo wake wa 1950 ndio uliowapa Rolling Stones jina lao. Labda hakukuwa na haja ya kumweka: kila wanapojitambulisha, wanamtaja.

Naandika maisha ya mtu huyo katika jarida letu kwa sababu inayotuhusu sisi wa lugha za Kiafrika. Kila mwaka tunatumwa vijijini tukiwa na simu au kinasasauti, tunamwomba mzee aseme, aimbe, ahadithie, kisha tunarudi mjini na sauti yake. Muddy Waters ni mmoja wa watu wachache waliojulikana dunia nzima ambao njia yao ilianzia mbele ya mashine ya watafiti wa namna hiyo. Mimi nilitaka kujua alipata nini, na wengine walipata nini kwake.

Jina alilopewa na wazazi ni McKinley Morganfield. Yeye alizoea kusema alizaliwa Rolling Fork, jimbo la Mississippi, tarehe 4 Aprili 1915. Hati ya ndoa yake ya mwaka 1932 inaturudisha mwaka 1913, na watu waliofuatilia ukoo wake wanataja kitongoji cha Jug's Corner, katika wilaya jirani ya Issaquena. Rolling Fork ulikuwa mji wa karibu ulioonekana kwenye ramani. Yeyote aliyewahi kumuuliza mzee wa kijijini mwaka wa kuzaliwa hatashangaa. Mama yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo sana, akalelewa na bibi yake, Della Grant. Mtoto alipenda kuchezea matope, bibi akamwita Muddy, mwenye tope. Watoto wenzake wakaongeza Waters, maji. Basi jina ambalo baadaye liliandikwa kwa taa kwenye milango ya kumbi za Ulaya lilikuwa jina la utani la mjukuu mchafu.

Bibi alihamia naye kwenye shamba la Stovall, karibu na mji wa Clarksdale. Lilikuwa shamba la pamba, na watu weusi waliolima humo walikuwa chini ya mpango wa kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi, nyumba, mbegu na chakula cha mkopo. Pamba ikishavunwa, aligawa, akakata deni, na hesabu zote aliziandika yeye. Mkulima alimaliza mwaka akiwa na fedha kidogo sana, au akiwa bado anadaiwa. Muddy aliacha shule akiwa mdogo ili afanye kazi shambani, na kusoma kulimpa taabu hadi mwisho wa maisha yake. Tulikumbuke hilo tutakapofika kwenye mikataba.

Alianza na harmonika, kile kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo. Alipofikia umri wa miaka 17 hivi akanunua gitaa kwa dola 2 na nusu. Aliyemfungua macho ni Son House, mwimbaji aliyekuwa akizunguka eneo hilo, ambaye aliteleza kishingo cha chupa juu ya nyuzi mpaka gitaa likalia kama mtu. Muddy alimfuata usiku baada ya usiku akimtazama vidole. Baadaye nyumba yake mwenyewe pale Stovall, nyumba ya mbao, iligeuka kilabu kila Jumamosi: kamari, samaki wa kukaanga, muziki, na pombe kali ya kupika kwa siri, ambayo kwetu tungeiita lutuku bila kusita.

Pombe hiyo ndiyo iliyomtia wasiwasi siku moja mwishoni mwa Agosti 1941, aliposikia kwamba kuna mzungu anamtafuta. Alidhani ni mtu wa serikali amekuja kumkamata. Mzungu huyo alikuwa Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na hakuja peke yake: alikuwa pamoja na John Work, profesa mweusi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville. Muddy alisimulia baadaye kwamba Lomax aliomba maji ya kunywa, akanywa katika kikombe kilekile alichotumia Muddy. Mississippi ya wakati ule mzungu hakufanya jambo kama hilo. Mwenyeji akaelewa kwamba huyu, hata kama ni wa serikali, si wa ile serikali aliyoizoea.

Walikuwa na mashine nzito iliyochonga sauti moja kwa moja juu ya santuri. Waliiweka nyumbani kwa Muddy, naye akaimba. Kisha wakamhoji, na mahojiano hayo yamehifadhiwa. Kwangu ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Aliulizwa wimbo wake mmoja aliutunga lini. Akajibu kwamba ni mwaka 1938, alipokuwa akiziba pancha ya gurudumu la gari, moyo ukiwa umeumizwa na mwanamke. Jibu safi: mahali, wakati, sababu. Lakini mazungumzo yalipoendelea alisema pia kwamba wimbo huo ulitoka mashambani kwenye pamba. Akasema kijana mmoja, Robert Johnson, aliurekodi. Akasema Son House ndiye aliyemfundisha. Majibu manne kwa swali moja, bila aibu yoyote. Mwenye haraka ataona mtoa habari anajipinga. Mimi naona mtu anayeeleza kwa usahihi namna wimbo wa mdomo unavyomilikiwa: ni wa shamba, ni wa mwalimu, ni wa mwenzako aliyetangulia, na siku ile ya pancha ukawa wako. Tatizo ni kwamba lebo ya santuri ina nafasi ya jina moja tu.

Wimbo wa pili uliorekodiwa siku zile uliitwa I Be's Troubled, na hapa naomba wenzangu wa sarufi wanivumilie kidogo. Kitenzi hicho, katika Kiingereza cha watu weusi wa Marekani, hakisemi kwamba msemaji ana shida sasa hivi. Kinasema kwamba shida ni mazoea yake: huondoka, humrudia. Kiswahili sanifu kina hu- kwa kazi hiyo, na Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina -ak-, kama katika nasumbukaka. Na kama vile nasumbukaka inavyochorwa mstari mwekundu katika madaftari ya wanafunzi, ndivyo umbo lile la Muddy lilivyohesabiwa kuwa kosa la watu wasiosoma. Si kosa. Ni hali ya kitenzi ambayo Kiingereza cha shule hakina neno fupi la kuieleza.

Jambo lililofuata ndilo lililobadilisha maisha yake. Lomax alimchezea sauti yake. Muddy hakuwahi kujisikia. Alieleza miaka mingi baadaye kwamba aliposikiliza aligundua kuwa sauti ile haikuwa na upungufu wowote ikilinganishwa na za watu waliokuwa kwenye santuri za kununua. Kama wao wanaweza, naye anaweza. Mwaka jana mzee mmoja niliyemrekodi aliniomba nimchezee; alisikiliza kimya, kisha akasema huyo si yeye, huyo ni marehemu kaka yake. Mashine ile humrudishia mtu kitu ambacho hakujua kama anacho, na huwezi kubashiri atakifanyia nini.

Lomax alirudi Julai 1942 akarekodi zaidi. Malipo yalikuja kwa posta: nakala mbili za santuri na hundi ya dola 20. Tupige hesabu. Muddy alikuwa dereva wa trekta kwa senti 22 na nusu kwa saa, kwa hiyo dola 20 ni karibu saa 89 za kazi. Si kidogo kwa alasiri ya kuimba, na si kitu ukikumbuka ni wangapi wameishi kwa nyimbo zile tangu hapo. Lakini nadhani fedha hazikuwa na uzito kama zile nakala mbili. Moja aliipeleka mkahawani, ikawekwa kwenye ile mashine ya muziki inayotumbukizwa sarafu, naye akasimama kujisikiliza kati ya watu. Alivaa suti, akapigwa picha akiwa ameishika santuri yake. Hapa kwetu Katanga, Mwenda wa Bayeke naye alirekodiwa na mtafiti, Hugh Tracey, huko Jadotville mwaka 1952, na gitaa lake likasafiri hadi nchi ambazo hakuna aliyemwelewa hata neno. Utafiti wa nyanjani umewahi kufanya kazi ambayo hakuna aliyeiandika katika mpango wa utafiti.

Kuhusu John Work nitasema wazi kwamba hakutendewa haki. Wazo la kuchunguza muziki wa eneo lile lilikuwa lake tangu 1940, baada ya moto wa ukumbi wa dansi mjini Natchez ulioua watu zaidi ya 200. Alinukuu nyimbo kwa noti, akaandika ripoti ndefu, na ripoti ikapotea katika makabati ya ofisi. Lomax alipotoa kitabu chake kuhusu safari hizo mwaka 1993, Work alionekana humo kwa shida. Maandishi yake na ya wenzake wa Fisk yalichapishwa mwaka 2005 tu, alipokuwa amekwisha kufa zamani. Profesa wa chuo cha karibu, mweusi kama waliorekodiwa, ndiye aliyefutika. Aliyetoka mji mkuu ndiye aliyebaki na jina.

Mei 1943 Muddy alimwomba msimamizi wa shamba amwongeze mshahara ufikie senti 25 kwa saa. Msimamizi alikataa kwa hasira. Senti mbili na nusu! Siku chache baadaye Muddy alipanda treni kwenda Chicago, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi wa Mississippi katika miaka ile. Alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi, akaendesha gari la mizigo, na usiku akapiga gitaa kwenye nyumba za watu na vilabu. Gitaa la mbao halikusikika kati ya walevi wa mjini, hivyo akachukua la umeme. Watu huandika kurasa nyingi juu ya mapinduzi hayo. Yeye alikuwa anataka asikike tu.

Mwaka 1948 kampuni ndogo ya Aristocrat, ambayo Leonard Chess alikuwa na hisa ndani yake, ilitoa santuri yake yenye nyimbo mbili. Upande mmoja I Can't Be Satisfied, upande wa pili I Feel Like Going Home. Nakala za kwanza zilimalizika kwa takriban siku moja. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikwenda dukani kununua, muuzaji akakataa kumpa zaidi ya moja. Sasa angalia: nyimbo hizo mbili ni zilezile mbili za Agosti 1941, zimebadilishwa majina. I Be's Troubled ndiyo iliyokuja kuwa I Can't Be Satisfied, na umbo la mazoea likawa limeondoka kwenye lebo. Santuri iliyomfanya maarufu mjini ilikuwa ni kazi ya nyanjani iliyotiwa umeme.

Miaka iliyofuata inajulikana, nami nitaipita haraka. Leonard na ndugu yake Phil, Wayahudi waliotoka Poland, waliibadilisha kampuni ikaitwa Chess mwaka 1950, na Rollin' Stone ikawa miongoni mwa santuri zake za kwanza kabisa. Muddy akaunda bendi ambayo wengi huihesabu kuwa bora kuliko zote za bluzi: Jimmy Rogers gitaa la pili, Otis Spann piano, na Little Walter aliyeshika harmonika na maikrofoni pamoja mkononi mwake mpaka kile kinanda kikalia kama tarumbeta. Willie Dixon aliwaandikia nyimbo. Mwaka 1955 kijana mmoja kutoka St. Louis alimuuliza Muddy pa kupeleka nyimbo zake. Akamwelekeza kwa Leonard Chess. Kijana huyo aliitwa Chuck Berry, na roki ilipovuma, bluzi ya mwelekezaji ikaanza kupungua sokoni.

Kisa cha Uingereza kinanifurahisha kila ninapokisoma. Muddy alifika huko Oktoba 1958 pamoja na Otis Spann. Waingereza walitarajia mkulima wa pamba mwenye gitaa la mbao, mnyonge na mpole. Akatokea bwana wa mjini mwenye nywele zilizolainishwa, akafungulia gitaa la umeme kwa sauti iliyowakera wengi. Aliyakumbuka malalamiko yao. Aliporudi mwaka 1963 alikuja na gitaa la mbao, kwa adabu kabisa, na kukuta hadhira mpya ya vijana waliokasirika kwa sababu walitaka lile la umeme. Mgeni alihukumiwa mara mbili kwa kutofanana na picha waliyokuwa nayo kichwani, na mara zote mbili picha ilikuwa ya kwao.

Kati ya vijana hao walikuwamo Mick Jagger na Keith Richards. Walikutana kwenye kituo cha treni cha Dartford mwaka 1961, Jagger akiwa na santuri za Chuck Berry na Muddy Waters chini ya kwapa, na mwaka uliofuata bendi yao ikachukua jina. Juni 1964 walikwenda Chicago kurekodi katika studio ya Chess. Richards husimulia kwamba walimkuta Muddy amepanda ngazi, anapaka rangi dari, kwa sababu santuri zake hazikuuzika. Marshall Chess, mwana wa Leonard, anakanusha kabisa. Mimi nasimama upande wa Marshall. Hadithi ya mfalme aliyekutwa anapaka rangi ni tamu mno kwa yule aliyekuja kumwokoa. Ina sura ya ngano, na ngano zina kazi yake, lakini si ushahidi.

Ukweli wa fedha ni mkavu kuliko ngano. Mtu asiyesoma vizuri alitia saini mikataba iliyoandikwa na wengine, na kwa miaka mingi uhusiano wake na kampuni ulifanana na ule wa Stovall: ukiwa na shida unasaidiwa, na hesabu zinabaki ofisini. Mwaka 1976 yeye na Willie Dixon waliishtaki kampuni ya Arc iliyosimamia haki za nyimbo zao. Shauri likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60.

Alikuwa ameumia pia. Oktoba 1969 gari alilopanda liligongana na jingine, dereva wake akafa, na yeye akalala hospitalini kwa muda mrefu. Tangu hapo mara nyingi alipiga muziki akiwa ameketi. Mke wake Geneva alifariki mwaka 1973. Kisha, wakati ambapo wengi wa rika lake walikuwa wamekufa au wamesahauliwa, alitoa albamu ya Hard Again mwaka 1977, pamoja na mpiga gitaa Johnny Winter, na humo anaunguruma kama mtu mwenye miaka 30. Novemba 1981 Rolling Stones walimtembelea katika kilabu cha Checkerboard Lounge, upande wa kusini wa Chicago. Picha zake zipo. Vijana wa Dartford, sasa matajiri, wanapanda jukwaa dogo, na mzee anawaita kwa zamu kama mwenye nyumba anayewapa wageni chakula. Hakuna anayepaka rangi.

Alifariki usingizini nyumbani kwake Westmont, jimbo la Illinois, tarehe 30 Aprili 1983, na akazikwa katika makaburi ya Restvale. Jiwe la kaburi limeandikwa 1915, mwaka aliouchagua yeye. Rekodi za Stovall zilitolewa zote pamoja na mahojiano mwaka 1993, na juu yake limeandikwa Muddy Waters, ingawa zile mbili za mwanzo Maktaba ya Bunge ilizitoa kwa jina la McKinley Morganfield.

Ile nyumba ya mbao ilibaki shambani ikiharibiwa na upepo na watalii. Billy Gibbons wa ZZ Top alichukua ubao wake mmoja akatengenezewa gitaa. Zilizobaki zilibomolewa, zikasafirishwa, zikarudishwa, na sasa nyumba imejengwa upya ndani ya makumbusho ya bluzi mjini Clarksdale, ambako mgeni anaweza kuingia na kusimama katika chumba ambamo Work na Lomax waliiweka mashine yao.